Kiazi cha Bi Geertje

Jumatano alasiri Auleria alikuwa akipiga pasi kanzu za sir, bwana wa nyumba alikofanya kazi, ghorofa ya kumi na tisa huko Al Jaddaf, kabati la mashuka lilipofunguka akatoka bibi mmoja mwenye koti zito la sufi. Bibi aliomba kiazi na kisu kidogo.

Aliitwa Geertje, Mholanzi, aliyefariki miaka arobaini iliyopita. Wakati wa vita alighushi vitambulisho vya Wayahudi wasipelekwe kambini kuuawa, na sita kati yao aliwaficha nyuma ya kabati lake mpaka vita vikaisha. Mlango ukifungwa kwa nje, alisema, yeye husikia, popote ulipo.

Mlango wa nyumba hii ulifungwa kwa nje kila siku. Mama yake Auleria angezikwa Jumamosi, karibu na Kakamega, na pasipoti ya Auleria ilikuwa kwenye sefu ya madam Maha.

"Inshallah, baada ya wageni," madam alikuwa amesema. Inshallah ya namna hiyo Auleria aliifahamu vizuri.

Geertje alichonga muhuri kwenye kiazi. Madam alipita kuchukua maji, akamwomba asidondoshe wino kwenye marumaru. Alhamisi pasipoti ilikuwa tayari, nzuri kuliko ile ya kweli, ila iliandikwa Marijke, mzaliwa wa Haarlem, Uholanzi.

"Lakini mama, mimi ni Auleria. Nani ataamini hii?"

"Jina la kweli ndilo lililowaponza watu wangu," Geertje alisema. Hata hivyo aliomba kiazi kingine, atengeneze ya Auleria.

Ijumaa madam alikwenda kwa dadake. Geertje alifungua kitasa kwa pini ya nywele, wakapanda metro hadi uwanja wa ndege, wakiwa na tiketi ya ndege iliyochangiwa na Wakenya wa kanisani. Mashine ya uhamiaji haikuomba karatasi. Ilimtazama Auleria jichoni, ikaandika jina la kafeel wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ikampigia simu. Geertje aliizunguka mara tatu akitafuta pa kugonga muhuri. Hapakuwapo.

"Zamani walisoma karatasi," alisema. Aliona aibu sana.

Jumamosi, akiwa amerudishwa kwa madam, Auleria aliingia kabatini na simu afuate mazishi. Wale sita walikuwemo. Walifia uzeeni, vitandani mwao, lakini mahali hapo walipazoea. Walisogea akapata nafasi. Kwao Auleria, binti humlilia mama yake kwa nduru, kijiji kizima kisikie. Jeneza liliposhushwa alifungua kinywa, na mwanamke mmoja kati yao akamziba kwa kiganja, taratibu, akamwonyesha namna ya kulia bila sauti.

Sebuleni wageni walikuwa wamefika. Wangekaa hadi Ramadhani. Madam aliagiza chai, Auleria akatoka kuipeleka.