Cheti Kilichokataliwa Usinge

Simu ilipolia Shomari alikuwa na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, akaipokea huku anacheka. Alikuwa na sababu. Tangu asubuhi alikuwa akibadilisha cheti cha usalama kwenye kompyuta za zahanati zote za shirika lao, na sasa, inakaribia saa tano, alikuwa ametoka kukifuta cha zamani kwenye kompyuta kubwa pale Tabora mjini. Kila aliyepita mlangoni alimtangazia kwamba kazi imekwisha.

Cheti chenyewe si karatasi. Ni kitambulisho ambacho kompyuta ya Tabora huzionyesha kompyuta za zahanati kabla hazijaikabidhi habari za mgonjwa. Kikikataliwa, hakipiti kitu. Ndiyo maana Shomari hakukurupuka. Kipya kilianza kutumika saa mbili kamili, naye akakiacha kiishi pamoja na cha zamani kwanza. Akapanda pikipiki hadi Kwihara, akakijaribu mwenyewe, kikakubali. Akawapigia Isikizya, wakamjibu mambo safi. Usinge simu haikupatikana, lakini kompyuta yao ilikuwa imejibu kwamba cheti kimepokelewa. Akaona inatosha. Akafuta.

"Kaka Shomari, mashine yako imenigomea," alisema Eustadia, muuguzi wa Usinge. "Nina mama hapa, Ngollo, mke wa mfugaji. Mimba imefika na damu inamtoka. Nimempiga picha za tumbo kwa ultrasound, hazifiki kwa daktari."

Kicheko kilimkauka Shomari mdomoni. Eustadia alijua kushika kipimo, lakini kusoma picha ilikuwa kazi ya Daktari Suzana, aliyekaa chumba cha pili pale Tabora. Na simu ya Eustadia ilikuwa kitochi, haina hata kamera.

"Damu nyingi?"

"Inatosha kunitia hofu. Nifanye nini, nimzalishe hapa au nimsafirishe? Barabara unaijua mwenyewe."

Shomari alikimbia kumwita daktari. Suzana alikuja na peremende mdomoni, akasikiliza, akaitema.

"Si ulisema umemaliza?" aliuliza.

"Nilimaliza, daktari."

"Sasa hii ni nini?"

Shomari alirudi kwenye simu. Alimwambia Eustadia asome maneno yaliyo kwenye kioo, neno kwa neno.

"Wanasema cheti hakijaanza kutumika."

Macho yalimtoka pima. Hakijaanza? Kwihara kinafanya kazi. Isikizya kinafanya kazi. Kwenye kioo chake mwenyewe kilikuwa kimeanza tangu saa mbili. 

"Dada Eustadia, angalia pembeni chini. Tarehe gani hapo?"

"Ya leo."

"Na saa? Nitajie tarakimu zilivyo."

"Sifuri, tano, sifuri, nane."

Shomari alitazama kioo chake. Kumi na moja na dakika nane. Kompyuta ya Usinge iliamini kwamba bado ni alfajiri, na cheti kilikuwa hakijafika saa yake.

"Nani kaichezea hiyo saa?"

"Hajaichezea mtu! Nimeirekebisha mimi, juzi," Eustadia alijibu kwa ukali. "Ilikuwa inaandika kumi na moja wakati jua liko saa tano. Nikimwambia mgonjwa ameze dawa saa nane, yenyewe inaandika kumi na nne. Kumi na nne ndiyo saa gani kwa mtu wa huku? Nikaiweka kama watu wanavyohesabu. Nyie wa mjini mna saa mbili mbili."

 Shomari alikuwa amekagua nyaya, funguo za siri na nakala za akiba. Saa ya kompyuta ya muuguzi haikumpita kichwani hata kidogo.

"Isogeze mbele, iwe kumi na moja," alisema.

"Kitufe sikioni, kaka. Juzi alinionyesha mwalimu."

Kule Usinge, nyuma ya Eustadia, mwanamke aliguna, mguno mrefu.

"Acha! Usiguse kitu," Shomari alisema. Akaketi, akakosea neno la siri, akaliandika upya. Akakitoa cheti cha zamani kwenye akiba na kukirudisha mahali pake. Kilikuwa na uhai hadi mwisho wa mwezi. Angekiacha tu tangu mwanzo, hadi kila zahanati imthibitishie kwa mdomo wa mtu, mama yule asingekuwa analia sasa hivi mbele ya mashine iliyofunga mlango.

"Jaribu tena."

Picha ya kwanza ikaingia. Suzana aliinama, pua karibu iguse kioo. Ya pili.  Kisha akamnyang'anya Shomari simu.

"Eustadia, sikiliza. Kondo la nyuma limeziba njia ya uzazi, yote. Umemchunguza kwa mkono?"

Suzana aliibana simu sikioni.

"Eustadia!"

"Bado, daktari," sauti ilikuja ndogo, kama ya mtu mwingine. "Niliona mnachelewa. Nimeshavaa glavu. Nilikuwa ndiyo naanza."

Shomari alishika ukingo wa meza.

"Ukimgusa humo ndani, atamwaga damu yote mikononi mwako," alisema Suzana. "Vua. Mwekee dripu, mlaze ubavu, gari liwake sasa hivi hadi wilayani, chumba cha upasuaji. Mimi nawapigia wamsubiri."

 Kisha kwenye simu wakasikia mpira ukivutwa mkononi, pwaa, na wa pili, pwaa, na Eustadia akipiga kelele nje kumwita dereva.