Spidimita ya Waya

Shemeji hakuwa na haya. Alimfuata mke wa kaka yake, fundi cherehani, mpaka duka la baiskeli eti amchagulie spidimita, kile kifaa cha kupimia mwendo na kilomita, kana kwamba hana macho.

“Waya ni mambo ya kizamani,” alisema mbele ya muuzaji. “Chukua isiyo na waya, ifanane na yangu. Na hii usiiue kwa uzembe kama ile.”

Kila jioni wawili hao walifanya mazoezi barazani, baiskeli zao zimepandishwa kwenye stendi, zinakaribia kugusana. Fundi cherehani alikanyaga pedali mpaka jasho likamchuruzika. Shemeji alichezea simu, kisha mezani akajigamba kwa kilomita sawa na za fundi na kumwita mvivu mbele ya wanawe.

Juzi shemeji aliingia ndani kunywa maji. Gurudumu lake lilikuwa limesimama tuli, lakini namba kwenye spidimita yake zilizidi kupanda. Fundi cherehani alipoacha kukanyaga, nazo zikaacha. Ile spidimita isiyo na waya ilikuwa inanasa mawimbi ya baiskeli ya fundi iliyokuwa kando. Hapohapo fundi aliing'oa ya kwake, nayo isiyo na waya, akaitupa, akasema imekufa.

“Nipe ya waya,” fundi cherehani sasa alimwambia muuzaji pale dukani.

“Shemeji, ngoja kwanza,” shemeji yake akasema, sauti imemshuka. “Ukichukua hiyo, yangu haitasoma kitu.”

Kumbe siku zote alikuwa anajua.

“Itasoma,” alisema fundi cherehani. “Kanyaga.”