Godoro la Mukabalisa

Mukabalisa, fundi cherehani wa Nyakabanda, alikuwa na kunguni nyumbani, na aliona heri waumalize mwili wake kuliko majirani wajue. Nani tena angemletea kitambaa? Kuanika godoro uani ilikuwa sawa na kutangaza kwa kipaza sauti. Basi akasubiri Jumamosi ya umuganda, mtaa mzima unapotoka na majembe kwenda kusafisha mitaro, akamtumia mkuu wa mtaa ujumbe kwamba homa imembana. Mwongo mkubwa! Watu walipoondoka tu, mgonjwa huyo akabeba godoro peke yake mpaka juani, akachemsha maji, akaanza kuyamimina kwenye mbao za kitanda. Kunguni wakatoka kwenye mianya wamevimba damu yake.

"Shenzi nyie!" Akawaponda kwa ndala. Kochi alilipangia mwisho.

Jambo moja hakulipigia hesabu: Nyakabanda mgonjwa haachwi peke yake. Umuganda ulipokwisha, wanawake walikuja kwake moja kwa moja, matope bado miguuni. Mukankusi alitangulia na chupa ya uji, Belyse akafuata na mtoto mgongoni. Walimkuta mlangoni na birika mkononi, jasho likimchuruzika.

"Maskini weee, homa iko kali," alisema Mukankusi. "Angalia, jasho limelowesha godoro mpaka limeanikwa!"

Wakampokonya birika, wakamwingiza ndani, wakamkalisha kwenye kiti, wakammiminia uji. Mukabalisa akanywa. Ulikuwa mtamu, na hilo lilimzidishia aibu.

Belyse akafungua mbeleko, akainama amlaze mtoto kwenye kochi.

Mukabalisa angenyamaza tu, siri ingepona.

"Usimlaze hapo!" Sauti ilimtoka kabla hajaipima. "Siumwi mimi. Nyumba ina kunguni. Hilo kochi limejaa."

Mukankusi akaruka kama aliyekalia moto, akaanza kujikung'uta kanga. Mukabalisa alitamani ardhi ipasuke immeze. Akangoja Belyse naye akimbie, lakini Belyse hakukimbia. Alimgeuza mtoto taratibu, akampandisha shati. Mgongo mzima ulikuwa vipele vyekundu, vingine vimekunwa mpaka vikawa vidonda.

"Nilidhani ni joto," alisema Belyse. "Vilianza nilipochukua hii mbeleko kwako." Akamtazama. "Ulipokuwa unaishona, dada, ulikuwa unajua?"

Mukabalisa akainamisha kichwa.

"Nilijua."