Mkoba wa Mtu Fulani

Talatu aliingia duka la cherehani la Malam Tanimu na vipande vitatu vya ngozi ya mbuzi kwenye mfuko wa nailoni, na kabla salamu hazijaisha alikuwa ameshavipanga mezani. Walimu wastaafu ndivyo walivyo. Hata cherehani wanakuja kuipa mtihani.

"Hajiya, siku hizi umefungua kiwanda?" Tanimu aliuliza.

"Kiwanda wapi. Ni kazi ya kupitishia muda tu."

"Watu wa Zaria mna muda mwingi sana. Sisi wa Kano tungekuwa tumeshauza."

"Ndiyo maana vitu vyenu vinaachia nyuzi njiani."

Tanimu alicheka. Utani wa Kano na Zaria ni wa tangu enzi na hakuna anayenuna.

Tangu aache kufundisha, miaka mitatu sasa, Talatu alikuwa akishona ngozi kwa mkono: pochi, vifuko vya miwani, ala za visu za kuwapa majirani. Anatoboa kwa msharasi, anapitisha uzi, anavuta. Majirani walimsema kwamba kaacha kupika tuwo, ugali wa kwao, kaingilia kazi ya wanaume, naye aliwasikiliza huku akiendelea kuvuta uzi wake. Lakini vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi, na safari hii hakuwa na muda wa kuchezea. Jumapili kuna mtu angeondoka kwenda Calabar kuanza kazi ya ukunga, na Talatu alitaka mtu huyo aondoke na mkoba mzuri begani, na ajue umetoka kwa nani.

Tanimu alimwekea kwanza cherehani ya umeme, ya plastiki nyeupe, yenye mishono thelathini ya maua. Talatu aliweka ngozi tabaka moja, ikapita vizuri. Tabaka mbili, ikapunguza mwendo. Tabaka tatu, ikanguruma na sindano ikapinda. "Hii ni ya mapazia," alisema, akaisukuma pembeni. Ya pili ilikuwa ile ya mafundi viatu, yenye mkono mrefu mwembamba. Hiyo ilitoboa kila kitu, ila meno yake yaliacha alama juu ya ngozi nyekundu kana kwamba panya ameionja. Ya tatu aliiona mwenyewe chini ya meza, imefunikwa gunia: kongwe, ya chuma cheusi, ya kuzungusha kwa mkono. Alizungusha gurudumu taratibu. Sindano ikashuka, ikapita tabaka zote tatu bila kelele, ikasimama pale alipotaka isimame.

"Hiyo ina mwendo wa kinyonga, Hajiya. Utachoka."

"Huo mwendo ndio ninaoutaka. Kitambaa ukikosea unafumua, unapiga pasi, yameisha. Ngozi tundu likishaingia limeingia."

"Na mkoba wenyewe ni wa nani, unaotaka heshima yote hii?"

"Wa mtu."

Tanimu aliinama kuficha tabasamu. "Wa mtu. Basi ni mtoto wa kwanza huyo."

Talatu akajifanya anatafuta pochi.

Kwao mama hamtaji mtoto wake wa kwanza kwa jina. Hambembelezi mbele ya watu, hamsifu, na akilia huchukuliwa na mwingine. Hiyo ndiyo haya, na mwenye haya ndiye mwenye adabu. Barira alizaliwa miaka ishirini na minane iliyopita, akaachishwa ziwa, akapelekwa kulelewa kwa bibi yake Katsina, akarudi msichana mrefu aliyejua kunyamaza. Talatu alimwita "wewe," au alimtuma Walida, mdogo wake Barira, amfikishie maneno. Ni desturi nzuri kwa anayeitazama kwa mbali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wamesema wahenga, lakini haya inamtaka mzazi aujue peke yake na mwana asiambiwe kamwe.

Nyumbani cherehani ilimsumbua siku mbili. Alivunja sindano mbili kwa sababu alitumia za kitambaa, akarudi sokoni kununua za ngozi, zenye ncha bapa inayokata. Mishono ikatoka midogo iliyobanana, na alipovuta, ngozi ikachanika kwenye mstari kama karatasi ya stempu. Akairefusha mishono. Kisha mguu wa chuma wa cherehani, ule unaokandamiza, ukawa unanata juu ya ngozi, ikagoma kusogea, mpaka alipoipaka poda ya watoto. Baada ya hapo mambo yakanyooka. Alizungusha kwa mkono wa kulia, akaongoza kwa wa kushoto, na kila mshono ulioingia sawa ulimfurahisha zaidi ya darasa zima lililofaulu.

Ijumaa alasiri mkoba ulikuwa umekwisha. Ulikuwa na mifuko mitatu ndani, ya mkasi, ya glavu na ya daftari. Talatu aliuweka juu ya cherehani akaenda kunawa mikono, na aliporudi alimkuta Walida ameshautia begani anajitazama kwenye kioo.

"Mama, kumbe siku zote hizi unanishonea mimi?"

Barira alikuwa pale pale, ameketi mkekani anakunja nguo za safari. Ilitakiwa sentensi moja tu: hapana, ni wa dada yako. Talatu aliitafuta mdomoni hakuiona. Kumkabidhi mtoto wa kwanza zawadi hadharani, mwenyewe akiwa anasikia! Masikio yalimwaka moto, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo.

"Umekupendeza," Barira alimwambia mdogo wake, akachukua kanga nyingine akaikunja.

Hakukuwa na wivu katika sauti yake. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Talatu hadi ndani.

"Ila mkanda umezidi, unanipiga magotini," Walida alisema. "Nipunguzie, Mama. Kesho nina harusi, nataka niwakoge wenzangu."

Talatu aliupokea mkoba, akaketi kwenye cherehani. Kupunguza mkanda wa ngozi ni kuukata, kuukunja na kuushona upya, na uliokatwa haurefuki tena. Aliuweka mkasi karibu. Aliukunja mkanda kwanza apate kipimo, akauingiza chini ya mguu wa chuma, akazungusha gurudumu mpaka ncha ya sindano ikagusa ngozi. Mzunguko mmoja tu na mkoba ungekuwa wa kimo cha Walida maisha yake yote. Barira naye angeondoka Jumapili akiamini alichokiamini tangu Katsina. Nyuma yake Talatu alisikia zipu ya begi ikifungwa.

"Barira."

Walida aliganda mbele ya kioo. Barira aliinuka ghafla, nguo zikamwanguka mapajani.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa. Njoo uvae mkoba wako, niuone mkanda."

"Wako?" Walida alisema, akamtazama mama, akamtazama dada, kisha akakaa mkekani. "Nikasema mimi, mbona unanifika magotini. Nilidhani Mama macho yameanza kuzeeka."

Barira alikuja polepole akauvaa. Ulitua nyongani, pale pale mkono unapofika bila kunyooshwa. Alipitisha vidole kwenye mkanda, kutoka begani kushuka chini, halafu akarudia tena.

"Hukunipima," alisema.

"Sikukupima."

"Sasa kimo changu umekijuaje?"

Talatu aliinamia cherehani, hakuthubutu kuinua uso.

"Ukinipa mgongo nakuangalia," alisema. "Kila siku. Ukigeuka tu naacha."

Barira aliuweka mkanda sawa begani. Aligeuka, akampa mama yake mgongo, akasimama hapo.