Chembe Zisizozimika

Asukile alikuwa ameapa mbele ya wazee wa Masukulu, kijijini kwao: chembe alizokuja nazo, ndogo kuliko vumbi, zingenata penye dalili ya kichocho tu na kung'aa hapo hapo. Wazee wakamwamini. Ndiye kijana wao wa kwanza kuvaa koti jeupe la maabara.

Sasa madirisha ya zahanati yalizibwa kwa mablanketi, mchana ukawa giza, na chini ya taa ya zambarau vipande arobaini vya karatasi vyenye namba, kila kimoja na tone la mkojo wa mwanakijiji, viliwaka vyote. Hata kile cha maji matupu kiliwaka!

Daktari Ezron, mkuu wake, alicheka kwa uchungu. "Kijiji kizima kinaumwa, mpaka mchungaji! Na maji ya bomba nayo yana kichocho, bwana? Funga kisanduku cha chembe zako. Leo hii kinarudi Dar es Salaam."

Kilichogusa vyote, hata maji, ni chupa, Asukile aliwaza. Akatoka nje, akamkuta Mama Elina, mmoja wa waliopimwa, akisubiri kwenye benchi.

"Mama, chupa za mikojo mliziosha na nini?"

"Ugonile kwanza! Koti limekunyima salamu?"

"Ugonile, mama. Nisamehe. Chupa?"

"Ulitaka tuwape wageni chupa chafu, tuchekwe? Wote tumezisugua kwa sabuni ya unga, hii mpya iliyojaa madukani. Shati linang'aa mpaka jirani ananuna! Hata ile uliyoazima kwangu ya kuwekea maji niliisugua."

Linang'aa! Asukile akarudi ndani mbio.

"Daktari, zima taa!"

"Tuone nini gizani?"

"Zima tu, mzee wangu! Mng'ao wa sabuni ni wa kuazima, unaondoka na taa. Chembe zetu zimekunywa mwanga, zina akiba!"

Giza likashuka, karatasi zikafa kama makaa yaliyomwagiwa maji. Kisha vistari vitatu vya kijani vikabaki, vyembamba, vikaidi, havizimiki.

"Tisa," Daktari alinong'ona. "Ishirini na mbili. Thelathini."

Thelathini alikuwa Mama Elina.

"Miaka miwili naambiwa maumivu haya ni uzee!" alipiga makofi alipoambiwa. "Ndaga, asante mwanangu! Dawa iko wapi?"

Daktari alikuwa ameshafungua tena kisanduku. "Waliobaki walete mkojo upya, sabuni isije ikawa imeficha mtu," alisema. "Safari hii chupa tutawapa sisi."

"Chupa zenu?" Mama Elina alinyoosha mkono. "Lete kwanza nizikague."