Nyumba Iliyomsikiliza Dalali

Jumatatu saa tatu asubuhi fundi mwashi alikuwa anafuta vumbi sebuleni, kwa sababu mkewe hawezi kuinama na dalali alikuwa ameahidi kufika saa tatu. Dalali alifika saa tano. Viatu hakuvua.

Vyumba vya kulala vilikuwa juu, vidato kumi na vinne. Fundi alivijenga kwa mikono yake miaka ishirini na sita nyuma, wakati wote wawili bado wana magoti. Sasa magoti ya mke yalikuwa yamekwisha. Alipanda kwa makalio, kinyumenyume, kidato kimoja kimoja. Ndiyo maana waliuza. Mtaa wa pili kulikuwa na nyumba ya chini, mlango wa kijani, haina ngazi hata moja. Mke alikuwa ameshachagua pa kuweka kochi.

Dalali alizunguka akigonga kuta kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Soko limebadilika, mzee. Zamani nyumba ilijiuza yenyewe. Siku hizi bosi ni mnunuzi. Halafu sebule yenyewe ndogo."

Ukuta wa upande wa dirisha ukasogea ndani futi moja. Kabati likasukumwa, vikombe vikalia. Dalali akapisha mguu wake, akaendelea.

"Na jiko limebanana."

Jiko likabanana.

Mke akavuta miguu yake chini ya kochi. "Baba watoto, usikae karibu naye," alisema. "Utapungua."

Alhamisi dalali alileta ushauri. Pakeni rangi nyeupe. Ondoeni picha za watoto, mnunuzi hapendi kuona maisha ya watu. Wakapaka, wakaondoa. Kuhusu chumba cha binti yao alisema kile si chumba, ni stoo, na walipopanda kuangalia walikuta kitanda kimesimama wima, kimebanwa na kuta. Wiki iliyofuata aliwashauri wasubiri. Baada ya hapo akawashauri wasithubutu kusubiri. Ushauri wote huo aliutoa akiwa amekaa kwenye kiti chao, anakunywa chai yao. Kila alipoondoka nyumba ilikuwa imepungua. Vidato tu ndivyo vilivyobaki kumi na vinne.

Jirani alichungulia. "Mmebomoa?"

"Hapana. Tuna dalali."

"Aa," jirani akasema, akaenda kufunga geti lake kwa kufuli.

Fomu ya mauzo ilitaka vipimo. Mke alitoa ramani ya zamani kutoka chini ya godoro: sebule futi ishirini kwa kumi na sita.

"Andika hivyo."

Fundi alitandaza futikamba. Ilisoma kumi na moja kwa tisa. Tangu aanze kazi hakuwahi kuandika kipimo ambacho futikamba haijasoma. Aliwahi kumfukuza kibarua kwa nusu inchi.

"Andika ya kwenye ramani!" mke alisema. "Yule hapimi kitu! Anasema tu!"

"Siwezi kuandika uongo, mama."

"Wewe unaona aibu ya inchi. Mwenzako haoni aibu ya nyumba nzima."

Aliandika kumi na moja kwa tisa, akaweka saini.

Mnunuzi alikuwa shemeji wa dalali. Walilijua hilo siku ya kuhama, vyombo viko kwenye pikapu. Shemeji mtu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kumbe nyumba kubwa hii," alisema.

Ukuta ukarudi mahali pake. Jiko likapumua. Juu kulisikika kitanda kikianguka chali, na mbele ya nyumba ikaota baraza ambayo hakuna aliyeijenga.

"Umeona, mzee?" dalali alisema. "Nilikwambia soko linabadilika."

Wakaenda kwenye nyumba ya mlango wa kijani. Nayo dalali wake alikuwa yeye yule yule. Asubuhi ile alikuwa amesimama mbele yake na kusema kwamba ni ya kifahari, ikapanda ghorofa, ikaota ngazi, na bei ikafuata. Pikapu iligeuza.

Walipanga chumba ghorofa ya pili. Vidato ishirini na viwili.

Mwezi uliofuata shemeji mtu alimwita fundi apige lipu kwenye nyufa, pale ukuta uliporudi. Kazi ni kazi. Fundi alipima sebule kwanza, kama anavyopima siku zote, akaandika kwa penseli ukutani, akapiga lipu juu yake.

Aliporudi alimkuta mkewe katikati ya ngazi, ameegemea ukuta, anapumua. Akaketi kidato cha chini yake.

"Imesoma ngapi?"

"Ishirini kwa kumi na sita."

"Kama kwenye ramani."

"Kama kwenye ramani."

Mke akaweka viganja nyuma, akajivuta kidato kimoja juu. Vilibaki kumi.