Magoti Yaliyokwenda Likizo

Usiku wa jana niliota, na niseme mapema kabla hajanisemea mtu: mjinga wa siku hiyo nilikuwa mimi. Wengine wote ndotoni, pamoja na mwiko, walikuwa na akili zao timamu.

Kazi yangu ni kutunga nyimbo za kuwapa wanawake nguvu. Usicheke. Mwanamume mwenye kitambi, mkazi wa Uyole, Mbeya, ndiye aliyetunga zile nyimbo ambazo dada zako wanaziimba saluni mpaka pasi ya nywele inawaunguza masikio. Anayeziimba redioni ni msichana mmoja anayejiita Binti Radi. Anayezisema kwanza, jikoni, bila kuwa na habari, ni mke wangu Tusekile, mama Ipyana.

Ufundi wangu si mkubwa. Naweka simu nyuma ya kopo la chumvi, naiacha inarekodi, naenda zangu sebuleni. Tusekile akibaki peke yake na sufuria huongea. Huongea na moto, na vitunguu, na mimi nisiyekuwepo. Jioni moja alisema, "Leo magoti yangu yako likizo, chai ataifuata mwenyewe." Wimbo huo. Siku tuliyorudi kutoka kumzika mama yake, alisimama mbele ya sinki, mikono mitupu, akasema, "Machozi nimemaliza, sasa zamu ya wengine." Huo nao wimbo. Watu waliucheza mpaka viatu vikakatika visigino.

Sasa mdogo wake, Tumpale, anaolewa, na kicheni pati yake, sherehe ya wanawake ya kumpa vyombo, ni leo mchana. Kwao mila ni hii: vyombo vikishatolewa, vigelegele vikishakwisha, dada mkubwa anasimama mbele ya bibi harusi anampa neno. Neno lake mwenyewe, lisilowahi kusemwa na mtu mwingine. Bila hilo neno bibi harusi haondoki ukumbini. Na kwa kuwa mama yao hayupo, neno la Tusekile linabeba na la mama.

Jana jioni alikuwa analifanyia mazoezi jikoni. Simu yangu ilikuwa nyuma ya kopo la chumvi. Nikalala natabasamu.

Basi, ndotoni niko ukumbini, nyuma ya mashine za muziki. Mwanamume ni mimi peke yangu, maana kwenye kicheni pati mpiga muziki huruhusiwa kama anavyoruhusiwa fundi wa bomba. Ukungu umeingia ndani na kukalia viti vyote vya mbele. Wanawake wamejaa, sare ya zambarau, na wote wamesimama.

"Mbona hamkai, akina mama?" nauliza kwenye maiki.

"Tukae kwa kutumia nini?" anajibu shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi.

Natazama miguu yake. Imenyooka kama ya meza, kutoka nyongani hadi kwenye kiatu. Pale kwenye goti pako laini, hapana kitu.

Mshereheshaji wa siku hiyo ni mwiko. Mrefu, mweusi upande mmoja kwa kuungua, kajifunga kilemba. Anasogea mbele bila haraka.

"Magoti yako likizo," anatangaza, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. "Wimbo uliagiza hivyo, yakaenda. Aliyetunga hakuandika yanarudi lini."

"Lakini ule ni wimbo wa ushindi!" nasema.

Bibi mmoja ananigeukia. Anageuka mwili mzima, kama kabati. "Mwanangu," anasema, "aliyesema maneno yale hakuwa anashinda. Alikuwa amechoka. Alitaka kukaa chini. Wewe umetusimamisha wote."

Sakafu ni ya kusikitisha. Kila kilichoanguka kimebaki palepale: vijiko, hereni, kiatu cha mtoto, na mchele, mchele, mchele, maana gunia la zawadi lilipasuka na hakuna wa kuinama. Katikati ya mchele kuna mtoto mchanga anatambaa. Anawatazama wanawake wote. Wanawake wote wanamtazama kutoka juu. Hakuna anayeweza kumwinua. Ameshazoea, halii.

Kumbe halii kwa sababu haiwezekani. Inafika zamu ya kumkumbuka marehemu mama wa bibi harusi, na ukumbi mzima unakunja uso, unasubiri. Macho makavu kama vifungo. Mtu wa jikoni anapitisha kitunguu kilichokatwa, kinazunguka kutoka pua hadi pua. Hakuna kitu.

Nasikia maji yanadondoka. Ni spika ya kushoto.

"Nayalia mimi," inasema spika. "Ya kila mtu, tangu wimbo wa pili ulipotoka. Nyaya zangu zina kutu. Harusini nalia, saluni nalia, kwenye baa nalia na watu wanaruka juu chini."

"Pole," nasema.

"Pole haikaushi," inasema.

Mwiko anagonga meza. "Dada mkubwa aje atoe neno."

Tusekile anatoka kwenye ukungu. Nguo yake ni ya jikoni, khanga ile ile yenye doa la mafuta. Anasimama mbele ya Tumpale, ambaye kashika beseni jipya kifuani na anamtazama dada yake kama mtu anayetazama mlango wa hospitali.

Tusekile anafungua mdomo. Inatoka sauti ya Binti Radi. Inatoka na ngoma na kinanda. Anafunga mdomo haraka, kwa mkono. Anafungua tena: wimbo mwingine, kiitikio kitupu, mara mbili mbili. Anafunga. Mara ya tatu anafungua taratibu sana, na hakuna kinachotoka, hata pumzi ya kupulizia chai.

Wanawake wanashusha macho. Kichwa tu ndicho bado kinainama.

"Tutasubiri," anasema mwiko.

Tunasubiri. Beseni la Tumpale linaanza kushika kutu. Buibui anashuka kutoka darini, anafunga uzi mmoja kati ya sikio la bibi harusi na ukuta, anapanda, anashuka tena. Tumpale haupangusi. Nje gari la bwana harusi limeota majani.

"Neno lake liko wapi?" anauliza mwiko.

"Analo yule pale, mwenye kitambi," inasema spika ya kushoto. Zile za kulia, ambazo nilizinunua kwa mapenzi makubwa, nazo zinaitikia.

"Jamani, mimi ndiye ninayewatetea," nasema. "Nchi nzima inajua."

"Nchi nzima umeitetea," anasema mwiko. "Hapa tunamtafuta mtu mmoja."

Nafungua mlango wa ukumbi nikalilete, naingia jikoni kwangu. Milango ya ndotoni haina adabu. Kopo la chumvi liko mahali pake, limenuna.

"Mimi umenifanya mlinzi wa mambo nisiyoyajua," linasema. "Ona, chumvi yangu yote imelowa."

Nyuma yake iko simu. Ya moto kama andazi linalotoka kwenye mafuta, na ndani yake kuna sauti ya mke wangu inapumua.

"Nitoe hapa," inasema.

"Nakupeleka," nasema. "Lakini kwanza nikusikilize kidogo tu. Mwanzo wake tu."

"Ukinisikiliza nitakuwa kiitikio," inasema. "Na sharti ni moja. Anirudishe mtu aliyepiga magoti."

Nikisema twende, tayari niko ukumbini. Natafuta mwenye magoti. Wanawake wote wananitazama suruali. Naangalia: imefura kama gunia la viazi. Nainua ncha ya mguu wa suruali, nayakuta. Yamebanana huko ndani, makubwa, madogo, ya mabibi yenye makovu ya shambani, ya wasichana yenye mafuta ya kupaka. Likizo yenyewe ilikuwa kwangu. Yamenenepa.

"Haya," anasema mwiko. "Wewe ndiye mwenye kitu cha kupiga."

Napiga magoti juu ya mchele. Sijawahi kupiga magoti ya ukumbi mzima. Kila punje inajua njia yake. Nataka kusema kitu kizuri, kitu chenye vina, maana ndiyo kazi yangu. Hakiji.

"Mama Ipyana," nasema, "neno lako hili. Sikulisikiliza."

Anaichukua simu. Anaingiza vidole, anavuta, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni kwa mtoto. Sioni alichotoa. Anakiweka mdomoni, anakizungusha, anakitambua.

Hapo magoti yanaanza kunitoka. Yanabingiria sakafuni kwa kishindo kidogo kama maharage yanayomwagwa kwenye ungo, kila moja linamtafuta mwenyewe. Bibi wa kwanza anakaa. Anatoa mlio ambao hakuna studio itakayoweza kuurekodi. Wengine wanakaa. Mtu anainama, anamwinua mtoto.

Tusekile anamsogelea mdogo wake sikioni. Nanyoosha shingo. Spika zote zinazimika. Midomo yake inatembea kwa muda mrefu, na mimi niko palepale chini, sisikii hata silabi.

"Ndaga fijo, dada," anasema Tumpale, na asante hiyo inamtoka pamoja na machozi. Machozi yake mwenyewe, ya moto, yanadondokea ndani ya beseni.

Nikaamka.

Asubuhi ilikuwa ya ukungu, baridi ya Uyole imeketi dirishani. Goti la kulia linaniuma. Nikapandisha suruali, maana kwetu huku watu tunalala na suruali ndefu. Kwenye nyama ya goti, imezama kama jiwe kwenye pete, kulikuwa na punje moja ya mchele. Mbichi. Jana tulikula ndizi.

Nikaenda jikoni nachechemea. Tusekile alikuwa ameshavaa zambarau, anafunga kilemba mbele ya kioo kidogo cha dirishani. Nikaichukua simu nyuma ya kopo la chumvi, macho yake yakiniona, nikafuta bila kusikiliza.

"Nimefuta," nikasema.

"Nini?"

"Neno lako la Tumpale."

Hakushtuka, na hilo ndilo lililonishtua. Alichomeka pini kwenye kilemba. "Na yale mengine?"

"Yale yako redioni, mama Ipyana. Yale hayafutiki."

Birika lilichemka, akalizima. Akasema, "Lile la magoti, siku ile nilikuwa nimechoka tu."

"Najua. Bibi mmoja kaniambia."

"Bibi gani?"

"Humjui. Lakini uwatazame na wenzako. Wasichana wananisimamisha barabarani wananishukuru. Wamepata nguvu kwa nyimbo zile."

"Wanakushukuru wewe," alisema.

Hapo nilitakiwa kunyamaza. Ila mdomo wangu haujawahi kufundishika, hata kwa makofi ya dunia. Nikamchokoza kidogo, kama kawaida yetu. "Basi yaishe. Ngoja nipakie mashine kwenye gari. Ukifika wakati wa kumpa mdogo wako neno, nitajiziba masikio kwa pamba, naapa. Kicheni pati bila mpiga muziki itakuwaje?"

Tusekile alibeba beseni jipya la Tumpale, akafungua mlango kwa kiwiko.

"Mashine zako ziache hapohapo, baba Ipyana. Leo hatuimbi. Leo tunasema."